Maswali ya Wasomaji: Kuipata Sauti ya Gitaa la Brian May

Barua kuhusu kundi la Queen haziishi mezani kwetu, wala si ajabu: mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na watu wa pwani wanamhesabu kuwa wao. Safari hii, hata hivyo, wengi wameuliza habari za mpiga gitaa wake, Brian May, na ile sauti nene inayoimba kama fidla. Tumechagua maswali sita.

Nina gitaa la muundo wa Stratocaster, amplifaya ya transista ya wati 20 na pedali mbili za kukwaruza sauti. Nikizifungua zote hadi mwisho napata mlio wa nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Ninunue pedali gani nyingine? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yetu, usinunue nyingine ya kukwaruza. Hizo mbili ndizo zinazokuletea nyuki.

Ukwaruzaji wa May unatoka ndani ya amplifaya yenyewe, Vox AC30, mashine ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista) ambayo yeye huifungua sauti hadi mwisho kwenye chaneli ya Normal. Kati yake na gitaa kuna kisanduku kimoja kidogo, trebo busta, chenye kazi ya kuisukuma amplifaya ambayo tayari imefika ukingoni. Mpangilio huo aliuchukua kwa Rory Gallagher wa Ireland, aliyekuwa akitumia AC30 pamoja na kisanduku kiitwacho Dallas Rangemaster.

Watu wengi hushangaa: vipi kifaa cha kuongeza sauti nyembamba kilete sauti nene? Jibu liko kwenye mpangilio wa kazi. Nyuzi za besi zina nguvu kuliko nyembamba, na zikiingia zote kwenye ukwaruzaji ndizo zinazovurugika kwanza na kuzimeza nyingine. Trebo busta inapunguza besi kabla ya ukwaruzaji, halafu inapandisha sauti za kati na za juu kwa nguvu nyingi. Valvu zikishaelemewa, zinaviringisha ncha za mawimbi, na spika za inchi 12 zinakata ule mchakacho wa juu kabisa. Kinachobaki ni sauti ya kati iliyojaa. Pedali zako mbili zinafanya kinyume: zinakwaruza besi na yote yaliyomo, kisha amplifaya ya transista inautoa mchakacho wote bila kuuchuja.

Kwa vifaa ulivyonavyo, iache amplifaya yako safi kabisa na uweke mbele yake kitu cha kuiga AC30. Pedali ya Catalinbread Galileo ina trebo busta na mwigo wa AC30 ndani ya kisanduku kimoja. Mashine yoyote ya efekti nyingi, au programu ya gitaa ya kwenye simu, nayo itafaa. Chagua AC30, chaneli ya Normal, gein (kiwango cha kukwaruza) 8 kati ya 10, mwangwi wa chumba uzime. Kama haina trebo busta, weka ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sauti za besi, za kati na za juu) KABLA ya amplifaya ya kuigwa: hezi 100 punguza desibeli 10, hezi 200 punguza 6, kilohezi 2 ongeza 8, kisha pandisha kiwango cha kutokea mpaka amplifaya ianze kulalamika. Ikwalaiza hiyo hiyo ukiiweka baada ya amplifaya haitakusaidia kitu. Utapata sauti kali ya kuchoma masikio.

Jipime kwa nobu ya volyumu ya gitaa, maana ndiyo May anayoitumia jukwaani badala ya kubonyeza pedali. Kwenye 10 noti iimbe na kukawia. Kwenye 6 au 7 upate mdundo wa kukwaruza kidogo. Kwenye 3 iwe safi kabisa, yenye kumetameta. Kama kwenye 3 bado inakwaruza, gein ni nyingi mno: irudishe mpaka 7 au 6. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu gein nyingi inafurahisha ukiwa peke yako chumbani lakini inafuta tofauti ya kupiga kwa nguvu na kupiga kwa upole, na sauti ya May imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Nataka kutengeneza trebo busta mwenyewe. Niliunda moja kwa transista ya germani (germanium) niliyoagiza nje. Asubuhi inalia vizuri, saa nane mchana inakuwa kama ina mafua. Kosa liko wapi? — Msomaji, Likoni, Mombasa

Kosa ni joto, na ufundi wako hauna dosari. Transista za germani huvujisha umeme hata zikiwa zimetulia, na uvujaji huo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Rangemaster ilibuniwa Uingereza, ambako chumba cha nyuzi 20 ni cha kawaida. Mombasa mchana ni zaidi ya 30, na ndani ya kisanduku cha chuma kilichokaa juani ni zaidi ya hapo. Ushahidi unaweza kuuona: pima volti kwenye kolekta (mguu mmoja wa transista; mingine ni beisi na emita), kisha ishike transista kwa vidole viwili. Namba itaanza kutembea kabla hujahesabu hadi kumi. Sakiti hiyo hupenda kolekta isome karibu volti 7 kutoka ethi (waya wa ardhi wa sakiti), kwa betri ya 9. Inaposhuka sana, upande mmoja wa wimbi hukatwa mapema na sauti inabanwa. Hayo ndiyo mafua yako.

Tahadhari mbili kabla hujaagiza nyingine. Transista za OC44, zile germani za Rangemaster ya asili, zinazouzwa mtandaoni nyingi ni za aina nyingine zilizopakwa rangi na kuandikwa upya. Na multimita yenye sehemu ya kupimia transista hukudanganya kwa germani, kwa sababu inahesabu uvujaji kana kwamba ni nguvu ya kukuza.

Kwa pwani tunashauri silikoni, bila kusitasita. Sakiti ni ile ile ya Rangemaster iliyogeuzwa upande wa umeme. Vitu vinavyohitajika: transista moja BC109, rezista za kilohm 470 na 3.9 na nyingine ya megohm 1. Trima (rezista ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi) ya kilohm 100. Potenshiometa ya kilohm 10. Kapasita za nanofaradi 4.7 na 10, mikrofaradi 47, na picofaradi 22; swichi ya mguu, jeki mbili (matundu ya kuchomekea waya wa gitaa) na betri ya volti 9.

Sauti inaingia kupitia kapasita ya 4.7 hadi beisi. Rezista ya 470 inatoka chanya ya betri kwenda beisi, na trima inatoka beisi kwenda ethi. Emita inakwenda ethi kupitia 3.9, na kapasita ya 47 inakaa sambamba nayo, mguu wa hasi ukiwa ethi. Potenshiometa: ncha moja kwenye kolekta, ncha ya pili kwenye chanya, na mguu wa kati unatoa sauti kupitia nanofaradi 10. Ile megohm 1 iweke kati ya jeki ya kuingilia na ethi, ndiyo inayozuia mlio wa "pu!" unapobonyeza swichi. Picofaradi 22 iunganishe kolekta na beisi. Bila hiyo unaweza kusikia stesheni ya redio ndani ya gitaa lako. Usiizidishe ukadhani unaboresha, kwa sababu transista inakuza athari yake mara nyingi, na kwa 100 utakuwa umeua sauti za juu ulizokuwa unazitafuta.

Kwenye BC109 ya kopo la chuma, kile kiulimi pembeni kinaonyesha emita. Wanaoshindwa kuipata sauti wengi wameigeuza hapo.

Ukishalehemu, weka trima karibu na kilohm 85, washa, pima kolekta, na uzungushe taratibu mpaka usome volti 7. Rezista ya 68 iliyoko kwenye michoro ya germani itakuacha juu ya 7.5, kwa sababu silikoni inadai volti nyingi zaidi kwenye beisi kabla ya kuamka, ndiyo maana tumeibadilisha kwa trima. Sauti ikiwa nyembamba mno kwa gitaa lako, ongeza kapasita ya kuingilia iwe 6.8 au 10. Kisanduku hiki kinakula chini ya miliampea moja, kwa hiyo betri itadumu miezi, mradi uchomoe waya unapomaliza kupiga.

Ile ya germani usiitupe. Iwekee betri yake peke yake. Chanya yake ndiyo ethi, na ukiiunganisha kwenye adapta moja na pedali nyingine zenye hasi kwenye ethi, waya za gitaa zitaunganisha chanya na hasi moja kwa moja: shoti.

Ya germani au ya silikoni, ikae ya kwanza kabisa kutoka kwenye gitaa. Inahitaji kuzihisi pikapu zenyewe, zile sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi. Ukiiweka nyuma ya pedali nyingi za siku hizi, zile ambazo hata zikizimwa bado zinapitisha sauti kwenye transista zake, inakuwa kali na nobu ya volyumu haisafishi tena sauti kama inavyopaswa.

Je, lazima niwe na gitaa kama la May? Nimeona la kwake lina swichi nyingi. Langu ni la kawaida, pikapu tatu. — Msomaji, Sakina, Arusha

Si lazima, lakini kuna jambo moja ndani ya gitaa lake ambalo pedali haziwezi kuliiga vizuri, na wewe unaweza kulifanya kwa swichi moja.

Gitaa lake, Red Special, alilijenga yeye na baba yake, Harold, kuanzia Agosti 1963, kwa muda wa kama miaka miwili. Shingo ni mti wa mkangazi uliotoka kwenye fremu ya meko ya kale, na springi za mkono wa kutikisia nyuzi zilitoka kwenye valvu za pikipiki ya Panther. Kwa upande wa sauti, la msingi ni kwamba pikapu zake tatu za Burns Tri-Sonic zimeungwa kwa mfululizo, moja ikimwagia nyingine. Kila moja ina swichi ya kuwasha na swichi ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi lake. Magitaa mengi ya aina ya lako huziunga sambamba. Pikapu mbili kwa sambamba hulainisha sauti. Kwa mfululizo hujumlisha nguvu, sauti za kati zinavimba, na trebo busta inapata kitu cha kusukuma. Mpangilio anaoutumia zaidi ni ya daraja pamoja na ya kati, fezi moja.

Fanya hivi. Tafuta swichi ndogo yenye miguu mitatu, ya kwenda na kurudi. Fungua bati la mbele, tafuta waya wa ethi wa pikapu ya daraja (mara nyingi ni mweusi, umelehemiwa mgongoni mwa potenshiometa) na uung'oe. Ulehemu kwenye mguu wa kati wa swichi. Mguu mmoja wa pembeni uunge na ethi. Mguu wa pili uunge na ule waya wa moto wa pikapu ya kati, pale pale unapofika kwenye swichi kubwa ya kuchagulia, bila kuung'oa. Basi. Swichi ikiwa upande wa ethi, gitaa linabaki kama lilivyokuwa. Ukiigeuza na kuchagua pikapu ya daraja peke yake, zote mbili zinalia kwa mfululizo.

Hakikisha kwa multimita kwenye ncha ya waya wa gitaa, volyumu ikiwa imejaa. Kama kila pikapu ni karibu kilohm 6, mfululizo utasoma 11 na ushee, na sambamba karibu 3. Usishtuke ukiacha swichi kwenye mfululizo, kisha ukachagua nafasi ya daraja na kati pamoja: utasikia ya kati peke yake, kwa sababu ya daraja imejiziba yenyewe. Hakuna kilichoharibika.

Sauti ya mfululizo ikitoka nyembamba, ya puani, kama inapita kwenye bomba, pikapu hizo zina fezi tofauti: badilishana waya mbili za ile ya kati. Lakini kabla ya kubadilisha isikilize kidogo pamoja na trebo busta, maana sauti hiyo hiyo May huitafuta kwa makusudi anapotaka noti ipige kelele juu ya bendi nzima. Pikapu yenye kifuniko cha chuma itenganishie waya wa kifuniko ubaki ethi, la sivyo utakaribisha mvumo wa umeme kila ukiigusa.

Mwenye uwezo wa kununua, Brian May Guitars wana BMG Special, yenye swichi zote sita na urefu wa uzi wa inchi 24 kama la asili. Urefu huo mfupi ukichanganya na nyuzi nyembamba za 0.009 ndio unaomfanya avute noti kwa urahisi ule.

Ni kweli anapigia sarafu? Sarafu yoyote inafaa? — Msomaji, Muscat, Oman

Ni kweli: sikspensi ya Uingereza, yenye kipenyo cha milimita 19 na kidogo, ukingo wa menomeno, na tangu mwaka 1947 madini yake ni shaba na nikeli. Bado zinauzwa kwa wakusanyaji, bei ndogo. Ukitaka mbadala, chukua sarafu ya ukubwa huo yenye meno, na uijaribu kwa sumaku kwanza. Ikinata, ni chuma kilichopakwa, iache: itakula nyuzi, na sumaku za pikapu zitaivuta mkononi.

Ishike bila kubana, kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiilaza sambamba na uzi inateleza na sauti ni laini. Ukiinamisha kidogo, meno yanakwaruza uzi wa kuzungushiwa na kila noti inaanza na "kch" fupi, kama konsonanti mbele ya irabu. Nyuzi zitakatika mapema kuliko ulivyozoea, hasa ule mwembamba.

Kwenye rekodi nasikia magitaa mengi yakiimba kama kwaya. Nina pedali moja ya mwangwi. Nikicheza nayo ni vurugu tupu. — Msomaji, Mwanakwerekwe, Zanzibar

Kuna mambo mawili hapo, ya studio na ya jukwaani.

Studioni ni kazi ya subira: May hurekodi sauti moja moja, juu ya nyingine, kila moja na mstari wake. Nyingi za kwaya hizo zilipita kwenye kiamplifaya kidogo kilichoundwa na mpiga besi wao, John Deacon, msomi wa elektroniki. Aliokota bodi ya umeme jalalani, akaifunga ndani ya kasha la spika ya rafu na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Baadaye iligundulika kuwa bodi hiyo ilitoka kwenye redio ya betri ya Supersonic PR80, iliyoundwa kusini mwa Afrika. Kwa hiyo redio ndogo ya zamani inayofanya kazi, ikiingizwa sauti ya gitaa kutoka trebo busta na kurekodiwa kwa maikrofoni iliyo sentimita 20 mbele ya spika, si wazo la kuchekesha hata kidogo. Tumia redio ya betri tu, kamwe usifungue iliyochomekwa ukutani.

Jukwaani alirefusha reli ya mashine ya utepe ya Echoplex ili mwangwi uchelewe zaidi, kisha akaongeza ya pili. Vurugu yako inatokana na mahali ulipoweka mwangwi. Ukiuweka mbele ya amplifaya inayokwaruza, noti mpya na noti ya zamani zinaingia pamoja kwenye valvu na kuzaa noti za tatu ambazo hukuzipiga. May hukwepa hilo kwa kumpa kila mwangwi amplifaya yake. Wewe mwenye moja, weka mwangwi baada ya ukwaruzaji: nyuma ya pedali ya AC30, au kwenye tundu la efekti la nyuma ya amplifaya.

Pima hivi: muda milisekunde 800, marudio moja tu, kiwango cha mwangwi sawasawa na cha sauti yako, si chini. Weka metronomu mapigo 75 kwa dakika, maana hapo pigo moja ni milisekunde 800 kamili. Piga do kwenye pigo la kwanza. Pigo la pili piga mi. Do inarudi chini yake. Pigo la tatu piga so, na mi inarudi. Ukiwa na mwangwi wa pili wa milisekunde 1600, do inarudi tena hapo, na umesimama ndani ya kodi kamili, noti tatu zikilia pamoja kama za watu watatu, ukiwa peke yako. Zima kila noti kwa kiganja kabla ya inayofuata, la sivyo noti yako mwenyewe itagongana na mwangwi wake. Pedali nyingi za bei nafuu zinaishia milisekunde 600 au chini. Soma kabla ya kulipa. Ukiwa na 600, metronomu iwe 100.

Ndugu yangu ananiletea AC30 iliyotumika kutoka Marekani. Nijiandae vipi? — Msomaji, Umoja, Nairobi

Kwanza tazama nyuma imeandikwa volti ngapi. Ya Marekani ni 120; ukiichomeka kwenye 240 ya Kenya unaweza kuunguza transfoma. Nunua transfoma ya kushusha umeme yenye angalau voltiampea 300, kwani AC30 hula nyingi kuliko zile wati 30 inazozitoa. Usiiwashe bila spika kuungwa. Usiifungue kama hujazoea: kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Pili, jirani. AC30 iliyofunguliwa hadi mwisho haikai kwenye nyumba ya kupanga, na kushuka hadi AC15 kunapunguza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaisikia kidogo. Nunua kipunguza nguvu kinachokaa kati ya amplifaya na spika, kilichoandikwa wati nyingi kuliko 30 na ohm sawa na za spika zako. Kitapata moto, hivyo kiache mahali penye hewa. Valvu nne za EL84 kwenye mashine hiyo hufanya kazi kwa nguvu muda wote na huchoka mapema. Moja ikianza kuwaka nyekundu kwenye bati lake la ndani, zima papo hapo na ubadilishe zote nne kwa pamoja, zilizopimwa zikalingana.